Maswali ya Wasomaji: Kuunda Modeli ya Mashua ya Vita Mimi

Katika toleo lililopita tulitaja kwa mistari michache mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, ambazo Waingereza walizivusha nchi kavu mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hadi Ziwa Tanganyika ili kupambana na meli za Wajerumani. Barua tulizopokea tangu hapo zinatoka kwa watu wanaotaka kuziunda mashua hizo kwa mikono yao, kuanzia ubao mtupu. Tumechagua barua sita na kuzijibu kwa kirefu kadiri nafasi ilivyoruhusu.

Swali: Shikamoo mwandishi wa safu. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari mjini Kigoma. Wanafunzi wangu wote wanaifahamu meli kongwe Liemba, lakini hakuna aliyewahi kusikia habari za Mimi. Ningependa tuiunde modeli yake darasani kwa mbao. Sina ramani ya mashua hiyo, nina picha tatu tu za zamani. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Anza kwa kuchagua siku moja katika maisha ya mashua hiyo, uiandike ubaoni, na msishike msumeno kabla ya hapo. Nalisema hili kwanza kwa sababu ndilo ambalo waundaji wengi hulifikiria mwisho, wakati kazi imekwisha kuharibika.

Mimi ilipita katika hali kadhaa ndani ya miezi michache. Iliundwa na kampuni ya Thornycroft ya Uingereza ikiwa mashua ya mbao yenye urefu wa futi 40, yaani mita 12.19, na injini mbili za petroli zenye nguvu ya farasi 100 kila moja, ili itumike na Wagiriki kuhudumia ndege zao za majini. Vita vilipopamba moto, Wizara ya Jeshi la Majini ya Uingereza ilizichukua mashua mbili za aina hiyo na kumkabidhi afisa wake Geoffrey Spicer-Simson. Yeye alitaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza, wizara ikakataa, naye akazipa majina ambayo watoto wa Kifaransa huwaitia wanyama haohao. Mbele ukafungwa mzinga wa Hotchkiss wa ratili 3 (ndio uzito wa kombora lake), nyuma ikawekwa bombomu ya Maxim, yaani bunduki ya rashasha, na matangi ya petroli yakakingwa kwa mabati ya chuma. Hiyo ndiyo Mimi iliyojaribiwa katika mto Thames mwezi Juni 1915.

Baadaye iko Mimi iliyofungwa juu ya tela, ikiburutwa na matrekta ya mvuke katika misitu ya Katanga huko Kongo. Kisha iko Mimi iliyoteremshwa ziwani tarehe 22 Desemba 1915, karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani, mahali palipo mji wa Kalemie leo. Tena iko Mimi ya tarehe 9 Februari 1916, iliyokuwa pamoja na Fifi, meli iliyotekwa kutoka kwa Wajerumani, siku ilipozamishwa meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann. Mkisema tu kwamba mnaunda Mimi, kila swali litakuwa na majibu manne: bendera ipo au haipo, mzinga umeelekezwa wapi, rangi ni mpya au imechujuka kwa jua na vumbi, rafadha, yaani mapanga yanayoisukuma mashua, zinaonekana au zimo ndani ya maji. Mkisema mnaunda Mimi ya tarehe fulani, maswali mengi yatajijibu yenyewe.

Kwa darasa lako ningependekeza Jumapili ya tarehe 26 Desemba 1915. Asubuhi hiyo meli ndogo ya Kijerumani Kingani ilikuja kupeleleza pwani ya Lukuga. Mzinga wake uliweza kupiga mbele tu, kwa hiyo Mimi na Toutou, zilizokuwa nyepesi na zenye mwendo wa kasi, ziliizunguka na kuishambulia kutoka upande ambao haukuweza kujibu. Mapigano yalidumu dakika 11. Kingani ilitekwa, ikatengenezwa na kuitwa Fifi. Mwanafunzi akijua hayo ataelewa kwa nini modeli yake lazima ionyeshe mzinga ulio mbele na mashua iliyo tupu ya mizigo, kwa sababu wepesi ndio uliokuwa silaha yao ya kwanza.

Sasa zichukue picha zako tatu. Tafuta iliyo karibu zaidi na kupigwa kutoka ubavuni moja kwa moja, uichapishe kwa ukubwa, kisha upime kwa rula kutoka ncha ya omo, yaani mbele ya mashua, hadi mwisho wa tezi, yaani nyuma yake. Tuseme umepata milimita 180. Urefu halisi ni milimita 12,190, kwa hiyo kila milimita moja ya picha ni sawa na milimita 67.7 za mashua yenyewe. Ukikuta kimo cha ubavu juu ya mstari wa maji ni milimita 14 pichani, basi kimo halisi ni kama milimita 948, na katika modeli ya kipimo cha 1:24 kitakuwa milimita 39.5. Wape wanafunzi hesabu hiyo wenyewe, kila mmoja na rula yake, kisha mchukue wastani wa majibu yao. Nimeona mara nyingi kwamba wastani wa vipimo vya watu kumi unakaribia ukweli kuliko kipimo cha mtu mmoja aliye hodari.

Upana hauonekani katika picha ya ubavuni. Tafuta picha iliyopigwa kutoka mbele au nyuma. Kimo cha omo kipimeni kwa njia hiyohiyo katika picha ya kwanza, kisha kitumieni kama rula katika picha ya pili na kupata upana kwa uwiano. Jihadharini na jambo moja: kitu kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Mtu aliyesimama hatua tatu mbele ya mashua hafai kuwa kipimo, lakini mtu aliyeegemea ubavu wake anafaa sana.

Mkihitaji picha zaidi, makumbusho ya vita ya London, Imperial War Museum, yana hazina kubwa ya picha za vita hivyo, na Frank Magee, aliyekuwa katika msafara huo, aliandika makala katika jarida la National Geographic mwaka 1922. Itakuwapo sehemu ambayo hakuna picha hata moja iliyoionyesha vizuri, hasa ndani ya mashua, na ninawasihi muiache ikiwa laini na tupu. Roda au mkono wa injini uliobuniwa humdanganya mtazamaji, na mwanafunzi atakayeuona kesho atauchukua kuwa historia.

Swali: Mimi ni kijana wa Lamu, ninafanya kazi na mjomba wangu ambaye ni fundi wa majahazi. Nilianza modeli ya mashua hiyo kwa mbao za mkangazi, nikiiga mbao halisi, lakini mkuku, ule uti wa chini wa mashua, umepinda kama ndizi baada ya kupigilia mbao za ubavu mmoja. Mjomba anasema kosa ni kufuata karatasi badala ya jicho. Je, ana haki? Na kipimo kipi kinafaa?

Jibu: Mpe mjomba wako salamu zangu za heshima. Mafundi wa pwani yetu huunda vyombo vikubwa kwa jicho na kwa mkono uliozoea, bila ramani ya karatasi, na vyombo hivyo huvuka bahari. Hata hivyo, fundi wa jahazi ana haki ambayo wewe huna katika kazi hii: yeye anaunda chombo kipya, na ubao ukimwelekeza kuongeza kidogo tumboni, ataongeza na chombo kitakuwa chema. Wewe unafuata chombo kilichokwisha kuwapo. Tumia karatasi kupata umbo, kisha umwite mjomba aje na jicho lake alikague. Atapitisha kiganja juu ya mataruma, yaani mbavu za mashua, na kukuonyesha palipo na kibonde ambacho rula haikukiona.

Kupinda kwa mkuku si kosa la karatasi. Gundi inapokauka husinyaa na kuvuta, na ubao uliolowekwa maji ili ukubali kukunjwa nao husinyaa unapokauka. Ukimaliza ubavu wa kulia kwanza, nguvu yote ya kuvuta iko upande mmoja, na mkuku mwembamba hauna la kufanya ila kuufuata. Kilichokwisha kupinda hivyo ni vigumu kukinyosha. Uvunje kwa utulivu, uokoe mataruma, uanze tena kwa namna hii.

Chukua ubao mnene ulionyooka, kama kipande cha rafu, uwe kitanda cha kazi. Mkuku ukate kutoka plaiwudi ya milimita 5 au 6, kwa sababu tabaka zake zinazopishana haziuruhusu kupinda kirahisi. Mataruma yakate kutoka plaiwudi ya milimita 3, kila moja liwe na miguu iliyorefushwa juu ya usawa wa sitaha, na miguu yote iishie katika kimo kimoja. Kisha geuza kiunzi chote kichwa chini na ukaze miguu hiyo katika kitanda. Hapo mkuku umeshikwa na hauna pa kukimbilia. Lete ufito mwembamba wa mbao, uulaze juu ya mataruma kutoka omo hadi tezi, na utazame unagusa wapi na wapi unaelea. Panapoelea, taruma ni fupi. Panapovimba, taruma ni refu. Piga msasa au bandika kibanzi mpaka ufito ulale bila kulazimishwa. Kazi hiyo inachosha na inaweza kumaliza siku tatu za jioni, lakini ubavu wa modeli hauwezi kuwa mzuri kuliko mataruma yaliyo chini yake.

Ndipo uanze mbao, na hapa sheria ni moja: ubao mmoja kulia, ubao mmoja kushoto, usiku mzima wa kukauka, kisha jozi inayofuata. Vibanzi vya unene wa milimita 1.5 vinatosha. Viloweke katika maji ya moto, uvikunje taratibu juu ya mvuke wa birika, uvibane kwa vibanio vya nguo mpaka vikauke katika umbo lake, na baada ya hapo tu utie gundi. Ukitia gundi katika ubao ambao bado unapigania kunyooka, utakuwa unaipa gundi kazi ambayo mvuke ungeifanya.

Kuhusu mkangazi, ninaielewa nia yako na mimi mwenyewe niliwahi kuifuata. Nilitumia miezi miwili kuunda mashua ndogo kwa mkangazi safi, na nilipoipaka rangi, vinyweleo vya ubao vilionekana kama mitaro. Ubao unapopunguzwa, nyuzi zake hazipungui nao. Kinyweleo cha nusu milimita katika kipimo cha 1:24 ni sawa na shimo la milimita 12 katika mashua halisi, na hakuna kampuni ambayo ingekabidhi mashua yenye mashimo hayo. Tumia mbao nyeupe zenye nyuzi za kubana, ujaze mianya kwa unga wa msumeno uliochanganywa na gundi nyeupe, upige msasa, upake vanishi nyepesi, upige msasa tena. Kwa vipande vidogo vinavyochongwa kwa kisu, mti wa mpera na mti wa mlimau ni bora, kwa sababu huchongeka kila upande bila kupasuka.

Kipimo kinategemea meza yako. Kwa 1:72 Mimi itakuwa na urefu wa milimita 169, na sehemu zake nyingi zitakuwa ndogo mno kwa kuchongwa. Kwa 1:48 ni milimita 254, kipimo kizuri kwa mtu mwenye uzoefu. Kwa 1:24 ni milimita 508, karibu kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na hapo mzinga, usukani na rafadha vinaweza kuundwa kwa zana za kawaida. Mimi ningechagua hicho cha mwisho bila kusita.

Swali: Naomba unisaidie kutengeneza mzinga na bombomu. Niko Dar es Salaam na sina mashine ya kukereza chuma.

Jibu: Huihitaji. Mzinga wa Hotchkiss wa ratili 3 una kipenyo cha ndani cha milimita 47, na mwanya wa mtutu wake ulikuwa na urefu wa mara 40 ya kipenyo hicho, yaani milimita 1,880. Kwa 1:24 hiyo ni milimita 78 za urefu na tundu la milimita 2 mdomoni. Vyuma vya mwavuli ulioharibika ndivyo vinavyonifaa mimi: baadhi yake ni bomba jembamba, na fundi wa miavuli atakupa vipande bila kukudai kitu. Kwa kuwa mtutu ni mnene nyuma na mwembamba mbele, zungushia bomba hilo ukanda wa karatasi uliokatwa kwa mshazari kama pembetatu ndefu, uliopakwa gundi, upande mpana ukiwa nyuma. Karatasi ikikauka, itie supagluu nyepesi iwe ngumu kama mfupa, ubane bomba katika keekee, na uiache izunguke polepole huku umeshika kipande cha msasa juu yake. Usiharakishe. Kila sekunde kumi simama na upime.

Bombomu ya Maxim ilikuwa na urefu kidogo zaidi ya mita 1, kwa hiyo kwa 1:24 iwe kama milimita 45. Sehemu inayoonekana zaidi ni lile bomba nene la maji linalopoza mtutu, na mrija wa plastiki wa kalamu ya wino una unene unaokaribia kufaa. Sanduku la nyuma likate kutoka mti wa mpera. Mabawa ya rafadha yakate kutoka bati la kopo la maziwa ya unga, ukitumia kigezo kimoja kwa yote, na uyakunje kidogo katikati ya vidole kabla ya kuyaunga kwenye mhimili. Mashua ina injini mbili na rafadha mbili, kwa hiyo tengeneza kipande kimoja zaidi cha akiba, maana bawa moja huharibika daima.

Swali: Ninaandika kutoka Kalemie. Babu zetu walisimulia mashua za Waingereza, lakini hakuna aliyesema zilikuwa za rangi gani. Picha zote ni nyeusi na nyeupe. Nitapaka rangi gani, na bendera iwe namna gani?

Jibu: Ndugu, wewe unaishi mahali penyewe, na ningefurahi kuona modeli yako imewekwa juu ya mchanga wa ufuo wenu. Ushuke siku ya jua la mchana uchukue konzi moja, uichekeche kwa kitambaa cha chandarua ili ibaki chembe ndogo tu, kwa sababu mchanga nao, kama nyuzi za mbao, haupungui kwa kuambiwa.

Kuhusu rangi, kwanza elewa filamu za wakati ule zilivyokuwa. Filamu nyingi za miaka hiyo ziliuona mwanga wa buluu kwa urahisi na hazikuuona mwekundu. Matokeo yake ni kwamba buluu hutoka nyepesi karibu na nyeupe, na nyekundu hutoka nzito karibu na nyeusi. Ndiyo sababu mbingu za picha za kale huonekana tupu bila mawingu, na ndiyo sababu waundaji wengi hukosea: wanaona weusi wanapaka nyeusi, kumbe palikuwa na nyekundu.

Vyombo vya Jeshi la Majini la Uingereza vilipakwa kijivu kwa kawaida, na mimi ningeanzia hapo. Tengeneza vibao vitano vya majaribio, kila kimoja na kijivu chake, kutoka kilicho karibu na nyeupe hadi kilicho kizito. Vipeleke nje mchana, uviweke karibu na kitambaa cheupe na kipande cha mbao isiyopakwa rangi, uvipige picha kwa simu, na uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Programu nyingi za simu zina namna ya kupunguza nyekundu. Ipunguze hadi chini ili uige filamu ya kale. Sasa linganisha na picha ya Mimi, ukitazama tofauti iliyopo kati ya ubavu wa mashua na shati jeupe la mtu aliye ndani yake. Kibao chenye tofauti kama hiyo ndicho ufuate. Baada ya kukipata, ongeza matone machache ya nyeupe, kwa sababu chombo kidogo kilichopakwa rangi ileile ya chombo kikubwa huonekana cheusi zaidi kikiwa mezani.

Usiipake rangi inayong'aa. Mashua iliyosafirishwa miezi kadhaa kwa meli, kwa treni na kwa barabara ya vumbi haikufika ziwani ikimetameta.

Bendera ni ile nyeupe ya Jeshi la Majini la Uingereza: uwanja mweupe, msalaba mwekundu unaoikata kutoka upande hadi upande, na bendera ya taifa lao katika kona ya juu karibu na mlingoti. Usiichapishe kwenye karatasi ukaibandika ikiwa imenyooka kama ubao. Ichore kwa rangi ya maji kwenye karatasi nyembamba ya sigara, ilowe kidogo kwa gundi iliyozimuliwa, uikunje juu ya sindano ya kushonea, na uiache ikauke ikiwa imelegea. Upepo na uuchague mapema, kwa kuwa ukisema bendera inapepea kuelekea tezi, basi turubai na nguo za watu nazo lazima zikubaliane nayo.

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Mwanza, na mimi na wanangu tumeamua kuonyesha mashua ikivutwa msituni, si ikiwa ziwani. Tumeshaiunda mashua na trekta. Kuna kilichobaki?

Jibu: Bi mkubwa, kilichobaki ndicho kikubwa kuliko vyote: watu.

Tazama njia yenyewe. Mashua zilitoka Uingereza kwa meli katikati ya Juni 1915 hadi Cape Town, zikapanda treni kupitia Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, hadi Fungurume ambako reli ilikomea. Kutoka hapo palikuwa na kilomita kama 235 za msitu na milima ya Mitumba mpaka kufikia kipande kingine cha reli huko Sankisia. Baadaye zikateremshwa kwa mto Lualaba hadi Kabalo, zikapanda treni tena hadi karibu na ziwa, na kufika mwishoni mwa Oktoba. Katika zile kilomita 235 hapakuwa na barabara. Wenyeji wa Katanga walikata miti, wakachimba, wakajenga madaraja kwa magogo juu ya kila korongo, wakabeba mizigo vichwani. Matrekta ya mvuke yalikuwa na kiu isiyokwisha, na maji yalipokosekana yalibebwa na wanawake wa vijiji kutoka mbali ili matangi yajazwe. Ng'ombe nao walivuta pale trekta liliposhindwa.

Basi ukiweka trekta na mashua peke yake juu ya udongo, umeonyesha chuma kikijivuta chenyewe. Mimi siwezi kuikubali picha hiyo, hata kama kila msumari wa mashua uko mahali pake. Kwa 1:24 mtu wa sentimita 170 ana kimo cha milimita 71, ukubwa ambao mtoto anaweza kuufinyanga. Tengenezeni mifupa ya waya mwembamba kwanza, mkunje magoti na viuno mpaka mkao uwe wa kazi, kisha mvishe udongo wa kufinyangia na vipande vya kitambaa chepesi kilicholowekwa gundi. Anzeni na wanawake watatu wenye vyungu, mmoja akiwa ameinama kumimina. Mtu anayebeba maji kichwani huweka shingo wima na hupiga hatua fupi. Wanao wanaliona hilo kila siku, kwa hiyo wasiige kutoka kitabuni, watoke nje watazame. Daraja lijengwe kwa vijiti vyenye maganda yake, maana magogo yale yalitoka msituni siku hiyohiyo.

Swali: Nimemaliza Mimi kwa 1:48 na sasa natamani Graf von Götzen, yaani Liemba, kwa kipimo hichohicho ili zikae pamoja. Pia, niandike nini kwenye kibao? Wageni wangu wakisoma "Mimi" wanadhani ninajitaja mwenyewe.

Jibu: Hongera kwa kumaliza. Liemba ina urefu wa takriban mita 71, kwa hiyo kwa 1:48 utahitaji rafu ya mita moja na nusu, na kazi hiyo ni ya miaka. Lakini zikikaa pamoja zitasema jambo ambalo maneno hayalisemi vizuri: kwamba mashua ya mita 12 ilipelekwa katika ziwa ambamo meli ya ukubwa huo ilikuwa ikitawala. Hazikupigana, na usiziweke kama zinazopigana. Götzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuja hadi Kigoma kwa reli, na mwezi Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha wakati wa kurudi nyuma, baada ya mafundi kuzipaka injini grisi nzito ili zisiliwe na kutu. Iliibuliwa kutoka majini mwaka 1924 na ikaanza kazi ikiwa Liemba mwaka 1927. Kama huna nafasi ya rafu hiyo, chora umbo lake jeusi kwenye karatasi ya ukutani nyuma ya Mimi, kwa kipimo hichohicho, na itatosha.

Kuhusu kibao, tatizo lako ni la kweli na ni letu sisi wasemaji wa Kiswahili tu. Weka neno "mashua" kabla ya jina, jina liwe katika herufi za mlazo, na tarehe uliyoichagua ifuate. Ningeandika hivi: "Mashua ya vita *Mimi*, Ziwa Tanganyika, 26 Desemba 1915. Jina ni la Kifaransa, maana yake paka. Kipimo 1:48." Herufi ziwe za kimo cha milimita 4, na kibao kiwe upande wa tezi, ili mgeni afike kwenye mzinga na omo kwanza kabla ya kusoma.